Pembe ya Kifaru

Jumatano bwawa lilikuwa togwa.
Sisemi kijani. Kijani kina adabu, hukuonya toka mbali.
Hili lilikuwa jeupe, zito, la upole,
kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele,
na ngazi ilikwenda chini hatua tatu
ikapotea.

Bosi Temba akaja, simu sikioni:
Jumamosi kipaimara, watoto arobaini,
shemeji zake washafika Moshi na mataulo yao.
Akavuta pumzi. "Dawa ipo, Haikaeli.
Naisikia puani. Waache waogelee."

Bosi, klorini iliyo hai hainuki hivi.
Unayoinusa ni iliyopigana ikachoka,
imekumbatiana na jasho na mkojo
na mafuta ya nywele ya sikukuu iliyopita,
majeruhi wanaelea,
hakuna aliyekuja kuwabeba.

Nikachota kichupa, nikadondosha matone,
yakaenda zambarau.
Nane nukta mbili. Magadi haya!
Ndani ya magadi klorini husinzia,
umwage ndoo, umwage pipa, itasinzia tu.
Basi asidi kwanza, kidogo, mashine ikizunguka,
na dumu lake likae mbali, chumba kingine,
hawa wawili hawasalimiani.

Ombeni akageuza mchanga wa chujio.
Ukatapika uji wa kijivu
mtaroni, si kwenye migomba, nilimkazia macho.

Halafu tukangoja jua lizame,
maana jua la Moshi hulamba klorini
kama mbuzi anavyolamba chumvi.
Saa moja usiku nikashika ndoo.
Ni kama ugali: maji kwanza, unga baadaye.
Ukipindua, ndoo yenyewe itakufunza,
na ada yake ni macho.

Usiku kucha pampu iliguna.
Kule Uru mama yangu alikuwa na zamu ya mfongo,
akiamka saa tisa kuzibua majani
ili maji ya watu wengine yapite.
Hakuna aliyemwona akifanya.
Walimwona siku alipougua.

Alhamisi asubuhi: sifuri.
Yote imeliwa.
Nikasugua kuta, nikarudia.
Ijumaa: imebaki nusu. Nikarudia.
Bosi akauliza bei ya ndoo. Nikamtajia.
Akanyamaza kwa muda wa ndoo mbili.

Jumamosi kipimo cha alfajiri kikalingana na cha jioni.
Kitu hakikupungua. Hapakuwa tena na cha kula.
Lakini bado kulikuwa na ukungu,
kama kioo kilichopumuliwa.
"Nipe hamsini," nikamwambia bosi.
Akadhani ni elfu, akashika kifua.
"Sarafu."

Nikaitupa upande wa kina.
Nikaona duara. Sikuona mnyama.

Saa nne watoto walikuwa getini,
magauni meupe yamevuliwa, maputo miguuni,
shemeji mmoja akiuliza mimi ni nani hasa.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Sikumwambia kuhusu bwawa lile jingine,
mwaka ule, muziki juu,
watu wakirushiana mpira juu ya maji ya maziwa,
na mtoto chini yao, kimya,
hadi mama mmoja alipohesabu viatu.

Nikasema tu: maji yasiyoonyesha sakafu
hayaonyeshi mtu.

Saa sita. Saa saba. Pilau ikaliwa bila kuoga.
Saa nane na robo nikainama ukingoni:
pembe.
Kisha sikio, kisha mgongo,
kisha, ubavuni pake, yule mdogo,
kifaru na mwanawe, mita mbili na nusu chini,
wamesimama kana kwamba hawajawahi kufichwa.

Nikapima tena, kipimo kilikuwa kimeshuka, nikafungua.

Wa kwanza kupiga mbizi alikuwa binti wa shemeji.
Akaibuka anakohoa, anacheka, ngumi juu:
"Shangazi! Nimeokota hela!"

Irudishe, nikamwambia.
Hapo chini ipo kazini.